Watu Wanaohama: Lubero, Butembo na Beni

Katika shule moja ya Butembo, asubuhi yenye mvua, mwalimu wa mwaka wa sita aliingia darasani na kipande cha kaa mkononi na mkebe wa maharagwe chini ya kwapa. Akawaambia watoto wasukume mabenchi mpaka ukutani. Kisha akapiga magoti, akaanza kuchora juu ya sakafu.

Kwanza alichora mto Semliki, unaotoka katika ziwa Edward na kwenda kaskazini mpaka ziwa Albert. Upande wa mashariki akachora mlima Rwenzori, ambao kilele chake kina meta 5,109. Upande wa magharibi akachora milima ya Lubero. Kaskazini, kwa mistari midogo midogo, akachora msitu mkubwa wa Ituri. Mwisho akapanga vifuniko vya chupa kuwa miji: Lubero, Butembo, Beni, Oicha, Kasindi, Kanyabayonga. Goma ilikuwa mbali kusini, karibu na mlango, na watoto wawili waliochelewa waliikanyaga.

Mwalimu akasema: “Kila mtoto atachukua maharagwe matatu. Jeupe ataliweka mahali alipozaliwa babu yake. Jekundu, mahali alipozaliwa baba yake. Jeusi, mahali alipozaliwa yeye mwenyewe.”

Watoto walifikiri kazi hiyo itakwisha kabla ya kengele. Haikuwa hivyo. Jeusi waliliweka upesi. Jekundu liliwachukua muda. Na wenye maharagwe meupe walisimama tu, wakitazamana. Mmoja akasema: “Mwalimu, babu ni wa Butembo. Nyumba yake iko pale sokoni.” Mwalimu akamwuliza: “Nyumba yake iko pale. Lakini alizaliwa wapi?” Mtoto hakujua. Basi mwalimu akaliacha somo mahali pale, akawatuma wakaulize nyumbani.

Siku ya pili walirudi na majibu, na ramani ikajaa. Sasa tazameni jinsi ilivyokuwa. Maharagwe meupe yalilundikana juu ya milima: Masereka, Kyondo, Lukanga, Musienene. Mekundu yalikuwa yametawanyika chini, Mutwanga, Beni, Mbau, Oicha, Mangina, na machache yamevuka mpaka wa jimbo, yakakaa Biakato na Mambasa, katika Ituri. Meusi yalikuwa mengi Butembo na Beni. Jamaa moja ilikuwa imekaa mahali patatu katika maisha ya watu watatu.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Hapo ndipo somo letu linapoanza.

Wanande, ambao huitwa pia Wayira, wanasimulia kwamba wazee wao walitoka ng'ambo ya Semliki, upande wa jua linakotokea, katika nchi iitwayo leo Uganda. Ndugu zao Wakonzo wako huko mpaka sasa, kwenye miteremko ya Rwenzori, nao wanasikilizana lugha. Wazee hao hawakufika katika nchi tupu. Wambuti walikuwa msituni tangu zamani, wakiwinda. Walikuwako pia Wabila, Walese, Wapere na wengine. Waliokuja walipanda juu milimani, wakakata miti, wakalima. Baridi ya kule ni kali. Mtu wa Lubero hutoka alfajiri na koti, na ukungu hauondoki mpaka jua limepanda. Lakini udongo ulikuwa mzuri, mvua haikukosa, na mbu walikuwa wachache. Mama aliyezaa watoto sita juu ya mlima alikuwa na matumaini ya kuwalea wengi zaidi kuliko mama aliyekaa bondeni, kwenye homa.

Wakati ule watu walitembea sana, wala si kwa kuhama tu. Wanaume walishuka mpaka ziwa Edward, wakavuka kwa mitumbwi kwenda Katwe kutafuta chumvi, wakarudi nayo wakiuza kwa watu wa milimani na wa msituni. Njia za chumvi ni za zamani kuliko mpaka wa Kongo na Uganda, ambao Wazungu walipatana juu yake mwaka wa 1910. Mfanyabiashara wa Butembo anayekwenda leo Kampala, au hata Dubai na Guangzhou, anafuata kazi ya babu zake. Mzigo tu umebadilika.

Utawala wa Wabelgiji ulipokuja, watu walianza kuhama kwa sababu nyingine. Bonde la Semliki lilikuwa na ugonjwa wa malale, unaoletwa na ndorobo. Serikali iliwaondoa watu wa huko kwa ajili ya ugonjwa huo, na sehemu kubwa ya bonde ikaingizwa katika Parke Albert, iliyoanzishwa mwaka wa 1925, na ambayo tangu mwaka wa 1969 inaitwa Parke ya Virunga. Waliotolewa hawakurudi. Ugonjwa ulipopungua, parke ilibaki. Ndiyo sababu wazee wengine, wakisimama juu ya kilima na kutazama bonde lile pana lenye majani, huonyesha kwa fimbo na kusema: “Kaburi la baba liko pale.”

Kusini zaidi, katika Masisi, Wabelgiji walifanya jambo kubwa kuliko hilo. Tangu mwaka wa 1937 waliwaleta wakulima wengi kutoka Rwanda, ambako mashamba yalikuwa yamebanana na njaa ilikuwa imepita, wakawakalisha katika Masisi kwa mpango wa serikali. Mashamba makubwa ya wazungu yalihitaji mikono ya kazi. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka wa 1955. Wenyeji wa Masisi, Wahunde, hawakuulizwa vizuri, na waliohamishwa nao hawakuambiwa yote. Matata yaliyozaliwa pale hayajakwisha mpaka leo.

Na Butembo? Mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ya kuchimba madini iliyoitwa Minière des Grands Lacs iliweka kambi yake pale. Palikuwa na wafanyakazi, na penye wafanyakazi hufika mwenye kuuza ndizi, kisha mwenye kuuza nguo, kisha mwenye cherehani. Mji wa Beni ulikua kwa njia nyingine: ni mahali ambapo barabara ya Butembo inakutana na ile inayokwenda Kasindi, mpakani, na ile inayopanda Oicha mpaka Bunia. Butembo ni mji wa soko, Beni ni mji wa njia panda. Yote miwili ilipewa cheo cha mji kwa sheria mwaka wa 2003. Kati yao kuna karibu kilometa 54 tu, lakini anayeshuka kutoka Butembo, penye zaidi ya meta 1,700, mpaka Beni, penye karibu meta 1,100, huvua koti njiani.

Sasa turudi kwenye maharagwe meupe na mekundu. Kwa nini babu alizaliwa juu na baba akazaliwa chini?

Fanyeni hesabu hii. Mzee wa Masereka ana hekta 2 za shamba na wana 4. Akifa, kila mwana anapata nusu ya hekta. Kila mwana naye akizaa wana 4, kila mjukuu atapata kipande cha meta 50 kwa meta 25. Hapo ataweka nyumba yake, jiko, choo, zizi la mbuzi, na migomba. Atapanda wapi maharagwe? Atapanda ukingoni, kwenye mteremko ambao babu aliuacha kwa sababu ni mkali. Mvua itakuja na kuuchukua udongo ule mpaka mtoni. Ukipita Lubero baada ya mvua kubwa, tazama maji ya mto: yana rangi ya matofali. Hilo ni shamba la mtu linalokwenda zake.

Basi vijana walishuka. Wengine walianza wakati wa Wabelgiji, na baada ya uhuru wa mwaka wa 1960 waliongezeka sana. Kijana alitangulia peke yake, na panga na sufuria. Alikwenda kwa mkubwa wa nchi, Mbila au Mlese au Mbuba, akampa mbuzi na kuku, akaonyeshwa msitu: “Kuanzia mti huu mpaka kijito kile.” Alikata, alichoma, alipanda mpunga na mihogo. Mwaka wa pili alimleta mkewe. Mwaka wa tatu walikuja mdogo wake na jirani. Baada ya miaka kumi palikuwa na kijiji, na watu wake walikisema Kinande, na kanisa la majani lilikuwa limejengwa karibu na barabara.

Chini kule walipata kitu ambacho mlima haukuwapa, mazao ya fedha. Walipanda kahawa, michikichi, na mipapai ambayo utomvu wake hukaushwa na kuuzwa ng'ambo. Katika miaka ya 1990 ugonjwa wa kunyauka uliua mikahawa mingi. Mkulima aliamka akakuta tawi moja limekauka, na kabla mwaka haujaisha shamba zima likawa kuni. Wengi waliacha kahawa, wakapanda kakao. Kakao hupenda joto na kivuli, na ndiyo iliyowavuta watu mbele zaidi, kupita Mangina mpaka Biakato na Mambasa.

Lakini mbuzi na kuku walipotolewa hapakuandikwa kitu. Aliyetoa alifikiri amemkaribisha mgeni alime. Aliyepokea alifikiri amenunua. Watoto wao walipokua, kila mmoja alisema shamba ni lake, na kila mmoja alisema kweli kama alivyofundishwa na baba yake. Tena sheria ya mwaka wa 1973 ilitangaza kwamba udongo wote ni mali ya Serikali, na mwenye kujua ofisi aliweza kupata karatasi juu ya shamba ambalo mwingine alikuwa akililima kwa miaka ishirini. Kesi za namna hiyo zinajaza mabaraza mpaka leo.

Walipofika hapo katika somo, mtoto mmoja aliinua mkono. Alimwonyesha kwa kidole mvulana aliyeketi nyuma, ambaye maharagwe yake mawili, jeupe na jekundu, yalikuwa Masisi. “Mwalimu, huyu si wa hapa. Ni mgeni.”

Ni kweli kwamba jamaa ya mvulana yule ilitoka mbali. Tangu karibu mwaka wa 2014 wakulima wengi wa Masisi na Rutshuru wamepita Butembo na Beni kwa magari, wakiwa na magodoro na majembe, wakielekea Boga na Tchabi, kusini mwa Ituri, kutafuta mahali pa kulima. Kwao vita vilikuwa vimewafukuza, na mahali pengine malisho ya ng'ombe wa matajiri yalikuwa yamemeza mashamba. Watu wa Butembo na Beni waliwatazama kwa hofu, kwa maana wakati ule ule mauaji yalikuwa yameanza karibu na Beni. Baadhi yao walizuiwa njiani, wengine walirudishwa. Jamaa ya mvulana huyu ilikuwa imeishiwa na nauli, ikabaki.

Mwalimu hakumkaripia yule aliyesema. Alimwita mbele ya ramani. “Jekundu lako liko wapi?”

“Mambasa, Mwalimu.”

“Nchi ile ni ya nani?”

“Ya Wabila.”

“Baba yako alipokuwa mtoto kule, wenyeji walimwita nani?”

Mtoto alitazama miguu yake. “Mgeni, Mwalimu.” Akarudi mahali pake, na darasa halikucheka.

Palikuwa pia na msichana aliyekuwa ameshika haragwe lake jeusi tangu mwanzo, bila kuliweka. Alizaliwa karibu na Eringeti, kaskazini ya Oicha. Tangu mwezi wa kumi wa mwaka wa 2014 watu wenye silaha wameua raia wengi katika nchi ya Beni: Oicha, Mbau, Eringeti, Kamango, hata ndani ya mji wenyewe, Rwangoma, mwezi wa nane mwaka wa 2016. Kundi lao linaitwa ADF. Lilizaliwa Uganda, likaingia Kongo katika miaka ya 1990. Wakulima walikimbia usiku, wakaacha kakao juu ya miti. Walikuja Oicha, kutoka Oicha wakaja Beni, kutoka Beni wakapanda Butembo. Wako waliofika kwa shangazi milimani, katika kijiji kile kile alichokiacha babu miaka hamsini iliyopita kwa sababu shamba lilikuwa halitoshi. Kwa hiyo kwenye ramani mishale ilianza kurudi nyuma, kutoka bondeni kwenda juu. Na upande wa kusini, mwezi wa sita mwaka wa 2024, kundi la M23 liliposhika Kanyabayonga na Kirumba, watu wengine walipanda kaskazini kwa miguu mpaka Lubero na Butembo. Butembo ikapokea watu kutoka pande mbili.

Watu hao huitwa “wadeplase”. Shuleni jina hilo limekuwa la kuchokozana. Jamaa mbili hulala katika nyumba moja, sufuria ni moja, na mwenye nyumba huanza kupima unga kwa kikombe badala ya kwa jicho. Mwenye nyumba hana roho mbaya. Shamba lake halikuongezeka siku wageni walipoingia.

“Kwetu hakuna mtu tena, Mwalimu,” msichana alisema.

“Ramani haikuulizi nani anakaa huko leo,” mwalimu akajibu. “Inakuuliza ulizaliwa wapi.”

Akaliweka. Lilikuwa peke yake pale juu, pembeni mwa msitu.

Je, waliohama ni wangapi? Hakuna anayeweza kusema hesabu kamili. Serikali ya Kongo ilihesabu watu wote wa nchi mwaka wa 1984, na tangu hapo kazi hiyo haijarudiwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana watoto wanaosoma, na watoto hao hawajahesabiwa mahali popote kwa pamoja. Kila mkubwa wa mtaa ana daftari lake, vituo vya afya vina madaftari yao kwa ajili ya chanjo, na hesabu hizo hazipatani. Mtu anayekimbia mara tatu katika mwaka mmoja huandikwa mara tatu, au haandikwi kabisa.

Vitabu vya ubatizo navyo husaidia kidogo. Wamisionari Waasumpsionisti walifika katika nchi hii mwaka wa 1929, na tangu zamani mapadri wameandika mahali mtu alipobatizwa. Kijana aliyebatizwa Mulo akifunga ndoa Beni, padri wa Beni hupeleka habari Mulo, na huko huandikwa pembeni ya jina lake: amefunga ndoa Beni, mwaka fulani. Mtu mvumilivu akifungua vitabu vile vya milimani ataona pembeni, mstari kwa mstari, jinsi vijana walivyoshuka. Lakini wasio Wakatoliki hawamo, na aliyekimbia usiku hakuleta barua.

Hesabu hii si kazi ya karatasi tu. Mwaka wa 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Mangina, tarehe 1 mwezi wa nane. Kutoka Mangina ulikwenda Beni, na kutoka Beni ukapanda Butembo na Katwa, ukifuata njia zile zile za kakao na za soko, kwa maana mgonjwa alisafiri kwa pikipiki kwenda kwa ndugu zake kama mtu mzima anavyosafiri. Waganga walilazimika kujifunza nani ana jamaa wapi. Ugonjwa ulipotangazwa umekwisha, tarehe 25 mwezi wa sita mwaka wa 2020, zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamekufa.

Kengele ya mchana ilipolia, maharagwe yaliokotwa moja moja na kurudishwa jikoni, kwa sababu yalikuwa ya chakula cha shule. Ramani ya makaa ilibaki sakafuni siku mbili, mpaka watoto wa zamu walipoosha darasa. Msichana wa Eringeti alikuwa ameinakili katika daftari lake, na mahali pa kila haragwe aliweka nukta.

Maulizo

1. Kwa nini watu wa zamani walipenda kukaa milimani kuliko bondeni?

2. Mzee ana hekta 3 na wana 5. Kila mwana atapata kiasi gani? Na kila mjukuu, kama kila mwana ana wana 3?

3. Kijana aliyetoa mbuzi na mkubwa wa nchi aliyeupokea walipatana nini? Ungekuwa hakimu, ungewauliza maneno gani kwanza?

4. Chora Semliki, Rwenzori, Lubero, Butembo na Beni. Weka nukta tatu za jamaa yako. Kisha uliza nyumbani: aliyefika kwanza alipokewa na nani, na alilala wapi usiku wa kwanza?